Tumbo Hufungwa Mwisho: Namna ya Kupunguza Madhara ya Tumbo Baada ya Kurudishia Titi

Operesheni ya kurudishia titi kwa nyama ya tumbo ikishakula saa tano au sita, macho ya chumba kizima huwa kifuani. Kipande, yaani ngozi na mafuta ya tumbo vilivyohamishiwa kifuani, kina rangi nzuri? Damu inaingia na kutoka? Tumbo wakati huo liko wazi chini ya vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, linangoja zamu yake. Zamu ikifika, mkubwa wa kazi keshachoka na sindano anakabidhiwa daktari aliye mafunzoni. Miezi mitano baadaye titi limepona, mwenyewe analipenda, ila anaingia kliniki kashika chini ya kitovu: "Hapa panatuna nikisimama."

Andiko hili ni la tumbo hilo. Limelenga madaktari na manesi wanaoanza kazi hii, lakini mgonjwa anayejiandaa naye ataokota mengi, hasa kuanzia kwenye habari za dreni, ile mirija ya kunyonya maji ya kidonda.

Kinachochukuliwa na kinachobaki

Njia zote huanzia mahali pamoja: ngozi na mafuta ya chini ya kitovu. Tofauti iko kwenye kinachoondoka pamoja nayo. Mwaka 1982 Carl Hartrampf na wenzake wa Marekani walichapisha njia inayoitwa TRAM. Ngozi na mafuta huachwa vimeshikamana na msuli wima wa tumbo, kisha msuli wenyewe unakunjwa kuelekea juu na kupitishwa chini ya ngozi hadi kifuani, ukiwa bado unapata damu kutoka kwenye ateri inayoshuka nyuma ya mbavu. Njia hii haihitaji darubini ya upasuaji, na hiyo ndiyo sababu haijafa: mahali ambapo darubini hakuna, au ipo lakini hakuna wa kuitumia kipande kikianza kubadilika rangi usiku wa manane, TRAM ya kukunja ndiyo njia inayobaki.

Mwaka 1989 Koshima na Soeda wa Japani walionyesha kwamba ngozi ile inaweza kuishi kwa kijishipa kinachotoboa msuli tu, bila kuchukua msuli. Mwaka 1994 Allen na Treece wakaeleza matumizi yake katika kujenga titi. Hiyo ndiyo DIEP: vijishipa vinafuatwa katikati ya nyuzi za msuli mpaka kwenye mshipa mama unaotokea kinenani, mshipa unakatwa, kisha unaungwa kifuani chini ya darubini. Kati ya TRAM na DIEP kuna njia za kati, ambapo kipande kidogo cha msuli kinachozunguka vijishipa ndicho kinachochukuliwa.

Kwa ujumla, kadiri msuli na utando wake vinavyobaki, ndivyo tumbo linavyobaki na nguvu. Lakini jina la operesheni halimlindi mtu. DIEP iliyofanywa kwa pupa, neva zikakatwa bila kuhesabiwa, huweza kumwachia mgonjwa tumbo baya kuliko TRAM iliyofungwa na mtu mtulivu.

Mambo matatu ya umbile lazima yakae kichwani. La kwanza, msuli wima umo ndani ya mfuko wa fashia, ule utando mgumu mweupe, na mfuko huo una ukuta wa mbele na wa nyuma. Vidole vichache chini ya kitovu ukuta wa nyuma unakoma. Kuanzia hapo hadi kinenani, nyuma ya msuli kuna utando laini tu kisha utumbo. Ndiyo maana matumbo yanayotuna baada ya kazi hii hutuna chini ya kitovu na si juu.

La pili ni neva. Zile zinazoukaza msuli huja kutoka ubavuni, hupita nyuma yake na kuingia karibu na theluthi ya nje. Daktari akichukua ukanda wa nje wa msuli na kujisifu kwamba ameuacha wa ndani, alichoacha hakina neva. Ni nyama isiyokaza. Ukilazimika kuacha ukanda mmoja, uache wa nje.

La tatu husahaulika hata na wazoefu. Fashia ya mbele, hasa kuelekea nje, ina matabaka mawili yaliyolaliana. Likikatwa, tabaka la ndani hurudi nyuma kuelekea ubavuni na kujificha. Anayeshona kwa haraka hushika tabaka la juu tu, linakutana vizuri, linapendeza, kila mtu anaridhika. Ukuta halisi umebaki wazi chini yake. Matuno mengi yanayoitwa "udhaifu wa mgonjwa" yamezaliwa hapo.

Kabla ya kisu

Tumbaku kwanza. Nikotini hubana mishipa midogo, na ngozi ya tumbo itakayovutwa kwenda chini inaishi kwa mishipa hiyohiyo. Mgonjwa aache angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Ukiuliza "unavuta sigara?" utapata "hapana" ya kweli kutoka kwa mtu anayeweka ugoro chini ya mdomo, anayetafuna tambuu yenye tumbaku au anayekaa barazani na shisha kila jioni. Uliza kimoja kimoja, kwa jina lake.

Kisukari kitulizwe, wengi hawakubali kuanza kama HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, imevuka asilimia 8, na chini ya 7.5 ni bora. Uzito nao una neno lake. Uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) ukipita 30, mshono kufumuka na maji kujikusanya huongezeka. Ukipita 35, operesheni isiyo ya haraka ni heri isubiri, titi linaweza kujengwa hata mwaka mmoja baadaye. Kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu vitibiwe sasa, kwa sababu vyote viwili vitaufumua mshono kutokea ndani.

Kisha soma makovu. Kovu la mlalo la operesheni ya uzazi, lile linalofichwa na chupi, kwa kawaida si kizuizi, kwa kuwa mkato mpya hupita papo hapo. Kovu la wima chini ya kitovu ni habari nyingine: damu haivuki kovu, kwa hiyo nusu moja tu ya tumbo ndiyo ya kutegemewa kwa mshipa mmoja, na fashia chini yake tayari imewahi kushonwa. Kovu la mshazari chini ya mbavu za kulia, la nyongo iliyotolewa kwa mkato mkubwa, ndilo la kuogopwa zaidi kwa upande wa tumbo. Limekwisha kata mishipa inayolisha ngozi iliyo chini yake. Ukiifumua ngozi hiyo kutoka kwenye fashia kama kawaida, pembe yake ya chini itageuka nyeusi siku ya nne au ya tano.

Mgonjwa akaguliwe amesimama, amelala, na akiwa amelala anyanyue kichwa. Hapo utaona kama misuli miwili ya wima imeachana tangu uzazi, au kama kuna ngiri ya kitovu. Vyote hushughulikiwa siku hiyohiyo. Halafu aketi, ukusanye nyama ya tumbo kwa mikono miwili. Kinachokutana bila kulazimishwa akiwa ameketi ndicho kitakachofungika. Urefu wa kipande kutoka juu kwenda chini mara nyingi ni kati ya sentimita 12 na 14; mwanamke mwembamba anayetaka titi kubwa hawezi kupata vyote viwili, na aambiwe wazi.

Skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, pale inapopatikana, huonyesha vijishipa vikubwa viko wapi na vinapita vipi ndani ya msuli. Faida yake kwa tumbo ni kubwa: anayejua kijishipa anachokitaka hafungui fashia akitafuta. Pasipo na skani, dopla ya mkononi ya MHz 8, kifaa cha kusikilizia mwendo wa damu, na kalamu ya wino husaidia, ingawa dopla haitofautishi kijishipa kizuri na mshipa unaopita tu.

Wakati wa kuchukua

Antibayotiki iingie ndani ya dakika 60 kabla ya mkato: sefazolini gramu 2, gramu 3 kwa anayezidi kilo 120, na irudiwe kila saa nne, kwa kuwa kazi hii ni ndefu.

Ukianza kuinua kipande kutoka ubavuni, acha tabaka jembamba la mafuta juu ya fashia. Tabaka hilo lina mishipa ya limfu; likikwanguliwa mpaka fashia ing'ae, maji yatajaa hapo wiki nzima. Vivyo hivyo kinenani: kuchimba kutafuta vena ya juujuu ni sawa, kuchimba katikati ya tezi za limfu ni kujitafutia seroma, yaani maji yanayojikusanya chini ya ngozi. Umeme wa kukatia utumike kwa kiasi, maana mafuta yaliyoungua hutoa maji na baadaye usaha.

Fashia ikatwe fupi, kwa mstari wa wima, kufuata vijishipa. Kama vijishipa viwili vinatosha, vichague vilivyo kwenye mstari mmoja, ili nyuzi za msuli zitenganishwe mara moja tu kwa urefu wake. Kijishipa cha mstari wa ndani kwa kawaida hulisha vizuri zaidi ngozi iliyovuka katikati, na kiko mbali na neva. Cha mstari wa nje mara nyingi ni rahisi kukifuata, lakini kinasafiri na neva begani mwake. Neva ikipita juu ya mshipa na haina njia, ikate kwa makusudi na uiunge tena kwa nyuzi laini kabla ya kufunga. Kuunga huchukua dakika chache.

Kwenye TRAM ya kukunja, acha pia fashia ya kutosha pande zote mbili. Unachohitaji kuchukua ni ukanda ulio juu ya vijishipa tu. Kila sentimita ya fashia inayokwenda na kipande bila sababu ni sentimita utakayoivuta kwa nguvu saa tatu baadaye.

Ngozi ya juu, ile itakayoteremshwa, ifumuliwe kama handaki katikati, kutoka kitovuni kuelekea kwenye ncha ya mfupa wa kifua, upana wa kutosha kukunja fashia na kuiteremsha ngozi. Usifumue mpaka ubavuni. Mishipa inayotoka ubavuni na chini ya mbavu ndiyo iliyobaki kuilisha, na sehemu iliyo mbali nayo kuliko zote ni katikati, juu kidogo ya kinena. Ndiyo maana nyama hufia pale na si kwingine.

Kufunga fashia

Hapa ndipo mkubwa wa kazi anapotakiwa kuwa macho. Kama kuna timu mbili, anayefunga tumbo awe anajua kutafuta tabaka la ndani.

Anza kwa kulitafuta. Shika ukingo wa nje wa fashia kwa koleo mbili, uvute kuelekea katikati, uangalie pembeni: matabaka mawili yanaonekana kama kurasa mbili za daftari. Kama unaona moja, la pili limeingia chini, lifuate ulishike. Kila sindano ipite yote mawili.

Uzi uwe wa kuyeyuka polepole, mfano polidioksanoni namba 0 au 1, au usioyeyuka kama polipropilini. Uzi unaopoteza nguvu ndani ya wiki tatu haufai, kwa sababu fashia ikifika wiki ya sita au ya saba ndipo kwanza iko kwenye nusu hivi ya nguvu yake. Mshono wa mfululizo, hatua ndogondogo, milimita 5 hadi 8 kutoka ukingoni. Kanuni iliyothibitishwa kwenye mikato ya katikati ya tumbo inafaa hata hapa: urefu wa uzi uliotumika uwe angalau mara nne ya urefu wa mkato. Mkato wa sentimita 10, uzi usiopungua sentimita 40. Pima uzi uliobaki na utoe, hesabu haidanganyi. Usikaze mpaka fashia igeuke nyeupe kama karatasi, kwa sababu uzi utaikata kama jibini na shimo litafunguka upya.

Fashia ikifungwa upande mmoja, kitovu huvutwa huko. Kunja kidogo fashia ya upande wa pili kwa mshono wa pili hadi kitovu kirudi katikati. Wengine huona ni urembo. Mkunjo huo pia hugawa mvutano, na kama misuli ilikuwa imeachana, ndiyo nafasi ya kuirudisha.

Wavu, ule wa kuimarisha ukuta wa tumbo, uwekwe lini? Maoni yetu ni rahisi. Fashia ikikutana bila mvutano, iache. Ikikutana kwa shida, au misuli imechukuliwa pande zote mbili, au tishu zinachanika ukizishika, weka wavu wala usijadiliane na nafsi yako. Polipropilini nyepesi yenye matundu mapana ndiyo inayopatikana kwa bei ya kuvumilika. Bora ukae chini ya msuli au chini ya fashia, ukipita kingo za shimo kwa sentimita 3 hadi 5 kila upande, na fashia ishonwe juu yake. Wavu unaoziba pengo peke yake, bila fashia juu, ni kiraka, na baada ya muda hutuna pamoja na tumbo. Wavu usigusane na utumbo: kama utando wa ndani umetoboka, uzibe kwanza. Wavu ukiwa na mkunjo mmoja tu, maji na vijidudu vitakaa kwenye mkunjo huo, kwa hiyo unyooshwe kama shuka kabla ya kufungwa.

Kufunga ngozi

Meza ikunjwe nyuzi 30 hadi 45, magoti juu. Ndipo ngozi ya juu iteremshwe, na kama bado hujakata ukingo wa juu, huu ndio wakati wa kujua ukate wapi.

Njia nzuri kuliko zote ya kuzuia seroma haihitaji mtambo. Ni nyuzi za kushikiza, zinazotoka kwenye utando wa ndani ya mafuta hadi kwenye fashia. Tumia uzi wa kuyeyuka wa unene wa 2-0, anza juu karibu na mfupa wa kifua, shuka katikati, kisha pembeni, umbali wa sentimita 2 hadi 3 kutoka uzi hadi uzi. Kila unapofunga, ngozi isukumwe chini kidogo, sentimita moja hivi. Ukimaliza nyuzi 15 au 20, ngozi imefika kinenani yenyewe na mshono wa chini haubebi mzigo. Hakuna nafasi ya maji kukaa, wala mvutano ukingoni. Kosa la kawaida ni kushika juu sana, karibu na ngozi, halafu tumbo linakuwa na vibonyeo kama godoro. Vidogo hupotea baada ya wiki kadhaa. Vikubwa fumua ushone tena.

Kitovu kiachwe na mafuta kidogo kuzunguka kikonyo chake. Kikonyo kilichosafishwa mpaka kikawa chembamba kama kidole cha mtoto hakina damu ya kutosha, hasa ikiwa vijishipa vya pande zote mbili vimechukuliwa au ngiri ya kitovu imeshonwa. Kabla ya kukitokeza, hakikisha hakijajisokota.

Ngozi ifungwe kwa matabaka matatu: utando wa mafuta kwa 2-0, sehemu ya chini ya ngozi kwa 3-0, ngozi yenyewe kwa 4-0. Tabaka la kwanza ndilo linalobeba uzito. Likirukwa, kovu hupanuka na kuzama. Kwa mnene sana au mwenye kisukari, bandeji ya kunyonya ya milimita 125 za zebaki juu ya mshono uliofungwa, kwa siku 5 hadi 7, husaidia kama ipo.

Dreni na wodi

Dreni mbili, kila upande moja. Ziandikwe "kulia" na "kushoto" kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu hesabu ya moja ikipanda ghafla unataka kujua ni ipi. Kichupa kinatakiwa kiwe kimebonyea muda wote. Kichupa kilichojaa hewa hakinyonyi chochote. Ni mlango wa vijidudu tu. Nesi wa zamu akikimwaga, akibonye, afunge kifuniko huku bado kimebonyea, ndipo akiachie. Kufunga kifuniko kwanza na kubonya baadaye hakusaidii kitu, na kosa hilo tunaliona kila wodi.

Dreni hutolewa inapotoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Haijalishi ni siku ya tano au ya kumi na mbili.

Kitanda kikunjwe: kichwa nyuzi 30 hadi 45, magoti yameinuliwa. Mtu asimnyooshe mgonjwa "apumzike vizuri". Siku ya kwanza akae kwenye kiti na atembee hatua chache akiwa ameinama. Kuinama huko ni kwa wiki ya kwanza, kisha anyooke pole pole. Akikohoa, abane mto tumboni. Dawa ya kuzuia damu kuganda, kama enoksaparini miligramu 40 kwa siku, itolewe kwa saa zake. Maumivu yakidhibitiwa kwa parasetamoli kwa ratiba na sindano ya ganzi ya ukuta wa tumbo wakati wa operesheni, dawa za jamii ya mofini hupungua na choo hakifungi. Hata hivyo dawa ya kulainisha choo itolewe tangu siku ya kwanza. Choo cha kuchuchumaa na mshono mpya havipatani, na nyumbani kusiko na choo cha kukalia, kiti kilichotobolewa katikati kwa wiki tatu au nne ni suluhisho zuri.

Nyumbani

Mkanda wa tumbo huvaliwa kwa wiki sita hivi, ila katika siku za kwanza usikaze. Kiganja kilichonyooka kipite kati ya mkanda na ngozi. Mkanda unaobana hukausha ukingo wa ngozi na kupandisha shinikizo tumboni. Kwa aliyefanyiwa TRAM ya kukunja, usipande kamwe juu ya handaki lililo chini ya kifua, kwa kuwa mshipa unaolisha titi unapita hapo.

Na sasa neno kwa mama, shangazi na bibi wanaokuja kumwuguza. Tumbo hili si la mzazi. Kanga ya kufungia tumbo, inayozungushwa na kuvutwa na watu wawili, haina kipimo, na fundo lake hukaa palepale juu ya mshono. Kukanda kwa maji ya moto ni hatari zaidi. Ngozi kati ya kitovu na kovu huwa imekufa ganzi kwa miezi mingi, pengine moja kwa moja. Mgonjwa hatasema "yanachoma", kwa sababu hasikii, na malengelenge yataonekana jioni. Chupa ya maji moto nayo ni hivyohivyo, na titi jipya lina ganzi ileile.

Asinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki sita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja ni kilo 9 au 10, na kumfunga mgongoni kunahitaji kuinama na kusukuma kwa tumbo. Mwambie mgonjwa vitu hivi kwa majina yake; "usibebe kitu kizito" kila mtu hulifasiri kwa kawaida yake. Mazoezi ya kupumua kwa kina na kuvuta kitovu ndani taratibu huanza mapema, akiwa amelala magoti yamekunjwa. Ya kuinuka kutoka chali kwa nguvu ya tumbo yasubiri wiki 8 hadi 12. Mpaka hapo, kitandani aamke kwa kujigeuza ubavu, ashushe miguu, asukume kwa mkono. Ujauzito unawezekana baadaye, ila wengi hushauri usubiri mwaka mmoja.

Mambo yakiharibika

Maji yakijikusanya baada ya dreni kutoka, utaona tumbo linacheza kama mfuko ukiligonga. Vuta kwa sindano, kwa usafi wa chumba cha upasuaji, kupitia ngozi yenye ganzi. Rudia kila siku chache. Yasipokoma baada ya mara kadhaa, rudisha dreni. Yakiachwa, hujitengenezea mfuko mgumu usiofunga mpaka ukatwe.

Ukingo mweusi katikati ya mshono usikimbiliwe kukatwa siku hiyohiyo. Ukiwa mkavu na bila homa, ngoja mpaka mpaka wake ujionyeshe, kata kilichokufa tu, acha kidonda kijijaze kutoka chini kwa bandeji safi. Ukinuka, ukilowa au wekundu ukienea, kata mapema, hasa kama kuna wavu chini.

Tumbo likituna, mpime amesimama na akikohoa, kisha kwa ultrasaundi au CT huku akisukuma. Kama fashia imelegea bila tundu, hilo ni tuno: linaudhi, linauma mgongo jioni, lakini utumbo haunasi. Kama kuna tundu, ni ngiri, na uvimbe ulio mgumu, unaouma na usiorudi ndani, pamoja na kutapika, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Tuno lisilo na dharura lisubiri miezi sita hadi kumi na miwili, kovu lilainike na uzito utulie. Likirekebishwa, kushona fashia peke yake hurudisha tatizo lilelile; litafutwe tabaka la ndani lililokimbilia ubavuni, lirudishwe, na wavu mpana uwekwe kutoka mbavu hadi mfupa wa kinena.